Upande wa Abiria

4 Februari

Mpwa wangu Waya,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo siku hizi ni watu wawili na paka mmoja mvivu. Mkaza mjomba wako hajambo. Goti linamsumbua akiamka, likishapata moto linamwacha afanye kazi zake. Mimi ile homa ya mwaka juzi imekwisha, kilichobaki ni uchovu. Uchovu wa dereva si ule wa kulala ukaamka umeondoka.

Kimashine cha muziki ulichompa dereva wa lori la dawa kimefika. Ni kidogo mno, nilidhani umenitumia kiberiti. Umeandika kwamba kina nyimbo mia nne, zote za enzi zetu, na kwa hilo nakushukuru sana. Tatizo ni gari. Gari la zahanati unalijua, ulikuwa unalala kiti chake cha nyuma ulipokuwa darasa la pili. Redio yake ni ile ile ya kaseti. Haina tundu la kuchomeka waya wa aina yoyote, ina mdomo wa kaseti na vifundo viwili tu.

Na muziki nauhitaji. Kila siku nazunguka vituo sita kuchukua chupa za damu na kuzipeleka maabara, kilomita mia na arobaini kwenda na kurudi. Muuguzi ninayemwendesha, yule mcheshi niliyewahi kukusimulia, amebadilika. Zamani alikuwa anaongea kutoka getini mpaka maabara. Sasa amenuna, anatazama dirishani, na sijui nimemkosea nini. Gari limekuwa kimya, na mtu akikaa na ukimya muda mrefu anaanza kufikiria mambo.

Mwezi wa tisa madereva wote tunapimwa upya: macho, presha, mgongo, masikio. Anayeshindwa anavua koti la udereva siku hiyo hiyo. Nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Nataka niumalize nikiwa nyuma ya usukani, nikisikiliza nyimbo zangu. Sina ombi jingine.

Usipige simu, mtandao wa huku ni kelele tupu. Andika.

Mjomba wako,
Sukani (hata daktari mkuu ameshasahau jina langu)


26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku tunasukuma siku. Bado niko pale pale chini ya ngazi za jengo la maduka, meza moja, taa moja, na wateja wanaoniletea redio zilizolowa wakila kiapo kwamba hazijawahi kuona maji. Mwanangu ameota jino la kwanza. Mama yake anasema amerithi kwako, maana aking'ata haachii.

Mama hajambo ila ana kinyongo. Amekupigia mara tano tangu mwaka uanze. Anasema unapokea, unasema "haya, haya," halafu unakata. Anadhani bado una hasira naye kwa kutokuja kukuuguza ulipolazwa na ile homa. Nakufikishia kama nilivyopewa, mimi simo.

Sasa redio yako. Ipo kaseti bandia. Nje ni kaseti kama nyingine, ndani haina mkanda, na ukingoni umetoka waya. Unaitia mdomoni mwa redio, waya unauchomeka kwenye kimashine, na redio inadhani inasoma mkanda. Kuna pia kidude cha kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara, kinarusha muziki nawe unautafuta redioni kama stesheni. Lakini barabara yenu ina vilima, na kila kilima kina stesheni yake, utakuwa unasikia nusu wimbo nusu matangazo ya sabuni. Njia iliyobaki ni kuifungua redio na kuchomelea waya ndani, na hiyo nakukataza kabisa. Sijasahau ulivyoifungua saa ya ukutani.

Kaseti bandia imo ndani ya kifurushi hiki. Ikikataa, niandikie.

Wako,
Waya


30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hilo jino lipewe heshima yake. Mkaza mjomba wako anamfumia mtoto kofia, ila anafuma taratibu, huenda ikamfaa akianza shule. Mama yako mwambie sina hasira na mtu. Simu ndiyo mbovu.

Kaseti yako siku ya kwanza ilitemwa. Naitia, inatemwa, naitia, inatemwa, kama mtoto na dawa chungu. Muuguzi alitazama mchezo huo kutoka getini mpaka kituo cha pili. Mwishowe akachomoa pamba na spiriti kwenye sanduku lake, akanipa bila neno. Au labda alisema neno, injini ya gari hili nayo ina makelele. Nikasugua ndani ya ule mdomo mpaka pamba ikatoka nyeusi tii, na toka hapo redio imekubali.

Lakini inalia upande mmoja. Spika ya mlango wangu inaimba vizuri. Ile ya mlango wa abiria inasikika kama iko nyumba ya tatu, na gari likishika mwendo haipo kabisa. Kuna ule wimbo uliopigwa kwenye harusi yangu, mwanamume anaimba mstari na akina mama wanamwitikia. Mwanamume namsikia. Akina mama hawapo. Anaimba, ananyamaza kuwasubiri, hakuna anayemjibu, anaimba tena. Nimemhurumia. Nilidhani wewe ndiye uliyewakata wakati wa kunakili, lakini nyimbo zote ziko hivyo.

Nisaidie, wewe ndiye fundi. Mimi kazi yangu ni kuendesha.

Mjomba wako,
Sukani


19 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mtoto ana meno mawili na anatutesa. Mama anakusalimu kwa mdomo wa kulazimisha. Nilimwambia habari ya simu mbovu, akauliza mbona ya mkeo kwenye nyumba ile ile inasikika vizuri.

Upande mmoja kufa ni ugonjwa wa kawaida, naupata mara kumi kwa wiki. Anza na pini ya waya. Ina pete mbili nyeusi, na isipoingia mpaka mwisho upande mmoja unazimika. Isukume mpaka igonge. Kisha shika kifundo cha sauti, kivute nje kidogo. Kikiwa kimevutwa, kazi yake ni kugawa sauti kati ya milango miwili, huenda kimeegemea kwako. Kirudishe katikati.

Ikiwa bado, fanya jambo moja dogo. Kwenye boksi la kimashine kulikuwa na vile vya kuweka masikioni. Vaa, washa wimbo wa harusi, sikiliza. Halafu vibadilishe, cha kulia weka kushoto na cha kushoto weka kulia. Ukimya ukihama, ubovu ni wa waya, nitakutumia mwingine. Usipohama, niandikie pia. Na mwombe mkaza mjomba akae kiti cha abiria gari likiwa limesimama, akwambie yeye anasikia nini.

Nijibu mapema tafadhali.

Wako,
Waya


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, usinilaumu. Paa la jikoni lilivuja tukahamisha masufuria yote, paka naye akajificha siku mbili ndani ya gunia la mkaa akatoka amekuwa paka mwingine. Kofia ya mtoto imefika kwenye ukingo. Daktari mkuu amenunua miwani mpya, sasa anatusoma mpaka rohoni.

Pini nimeisukuma mpaka ikagonga. Kifundo nimekivuta, nikakipeleka kushoto kote, nikasikia kama mtu anaimba amejifunika blanketi. Nimekirudisha katikati. Hiyo spika imezeeka tu, kama mwenye gari. Si kitu. Nitasikiliza nusu, nusu nayo ni muziki. Vile vya masikioni vinanitekenya, nimeviweka kabatini. Mkaza mjomba wako naye hana muda wa kukaa kwenye magari yaliyosimama.

Wiki iliyopita pikipiki ilinigonga ubavu wa kushoto nikikata kona kuingia maabara. Ilikuja bila honi. Muuguzi ameshikilia kwamba mtu yule alipiga honi mara tatu, lakini huyo siku hizi hata nikisema ni asubuhi atanipinga. Mwenye pikipiki alichubuka goti, akafungwa bandeji pale pale. Mlango umebonyea kidogo.

Tarehe ya vipimo imetoka, ni kumi na mbili mwezi wa tisa. Mimi nimeshajipanga, usiwe na wasiwasi.

Mjomba wako,
Sukani


20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili polepole. Mtoto ana meno manne. Mama bado anakupigia na bado unamwambia haya, haya.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha waya cha urefu wa kiganja, nimekitengeneza mwenyewe. Kichomeke kati ya kimashine na kaseti bandia. Humo ndani nimeunganisha kushoto na kulia vikawa kitu kimoja, kwa hiyo kila spika itaimba wimbo mzima. Upande wowote utakaosikia, utakuwa umesikia wote.

Leo sina zaidi. Nimechoka.

Waya


11 Julai

Mjomba, shikamoo tena.

Sote wazima. Sijasubiri jibu lako kwa sababu nikisubiri nitanyamaza, najijua.

Kazi yangu ni kuwaambia watu ubovu uko wapi. Siku nzima nafanya hivyo bila haya: hii imeungua, hii imelowa, hii usinidanganye, uliiangusha. Kwako nimejitia hamnazo tangu mwezi wa tatu. Spika iliyokufa haisikiki kama iko nyumba ya tatu, mjomba. Spika iliyokufa haisikiki kabisa. Na muuguzi anayekaa upande ule, na honi iliyotoka upande ule, na simu ya mama. Nilijua. Nikakuandikia habari za pini na vifundo kwa sababu sikutaka mimi ndiye niwe mtu wa kukuvua koti. Wewe ndiye uliyeninunulia chuma changu cha kwanza cha lehemu, watu wote walipokuwa wanasema nitaunguza nyumba.

Ulipoandika habari ya pikipiki nikakaa nikatengeneza ule waya, nikajiona nimefanya jambo. Sijafanya. Waya wangu utakurudishia akina mama wa kwenye wimbo, hautakurudishia honi. Safari hii ni goti limechubuka. Nikifikiria safari nyingine naweka chuma cha lehemu chini, kazi inanishinda.

Sitamwambia mama wala sitamwandikia daktari wenu. Nakuomba useme mwenyewe, kabla ya tarehe kumi na mbili. Ukinikasirikia nitaelewa.

Mpwa wako akupendaye,
Waya


23 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba mbili, ya Juni na ya Julai. Kofia imekwisha, imo ndani ya kifurushi hiki, ina sikio moja kubwa kuliko jingine lakini mkaza mjomba wako hataki kuambiwa. Paka hajambo. Miezi hii yote sikukuandikia kwa sababu nilikukasirikia. Ulisema utaelewa, basi elewa.

Waya wako ulitangulia kufika. Niliuchomeka nikiwa peke yangu nyuma ya zahanati, nikawasha wimbo wa harusi. Mwanamume akaimba mstari wake, akanyamaza, na akina mama wakaja wote. Nilizima injini nikasikiliza mara nne. Nikajua kwamba umejua, maana mtu hatengenezi waya wa namna ile kwa ajili ya spika. Nikalia kidogo. Halafu barua yako ya pili ikaja ikaniharibia, nikaitia mfukoni mwa koti, ikakaa humo mpaka kingo zake zikalainika.

Sikio la kushoto liliondoka na ile homa. La kulia linanitosha mtu akiwa karibu, ila kwenye simu linachanganya maneno yote, nami nasema haya, haya, ili yaishe. Bora mama yako adhani nina hasira, nilijiambia, kuliko ajue. Hasira haimvui mtu koti. Mkaza mjomba wako aligundua mwezi wa kwanza tu, hakusema. Alihamia upande wa kulia wa kitanda, akahamisha na kiti chake mezani, tukaishi hivyo bila kulitaja.

Sasa sikiliza aibu yangu. Tarehe kumi na mbili nilikwenda kupimwa, na nikafaulu. Mpimaji anasimama nyuma yako, anagonga kijichuma karibu na sikio, nawe ukisikia unainua mkono. Mbele yako kuna kabati la dawa lenye mlango wa kioo, na ndani ya kioo kile kiwiko chake kinaonekana. Mimi nina miaka thelathini na moja ya kutazama vioo. Kila kiwiko kilipotikisika nikainua mkono. Akaandika kwamba masikio yote ni mazima, akagonga muhuri, akasema kwa umri wangu ni ajabu. Nikajivuna kabisa, nikashuka ngazi kwa mwendo wa kijana.

Muuguzi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Nikawasha gari, wimbo ukaanza, akina mama wakaitikia vizuri. Nikamtupia jicho nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasema nami, sijui tangu lini. Barua yako ilikuwa mfukoni. Nikazima muziki, nikazima na injini, nikageuka mwili mzima ili sikio zima limwelekee, nikamwomba arudie.

"Nimekuuliza kama umefaulu," akasema.

"Nimefaulu kwa wizi," nikamwambia. "Hili sikio la upande wako lilikufa na ile homa."

Akaliweka sawa sanduku lake mapajani. Kisha akasema, "Mwezi wa kumi na mbili nilikwambia baba yangu amefariki. Ukasema haya, haya, ukabadilisha gia."

Mpwa wangu, nimeendesha gari kwenye mafuriko na sijawahi kupotea kama pale. Hilo ndilo alilokuwa amenunia miezi yote hiyo, na mimi nilikuwa nalalamika kwako kwamba gari limekuwa kimya. Nilimpa pole ya baba yake pale pale, ikiwa imechelewa miezi tisa. Akaipokea. Kisha nikapanda tena zile ngazi, nikamrudishia mpimaji karatasi yake na nikamwonyesha kioo. Kabati wamelihamisha siku hiyo hiyo. Kutoka hapo nikaenda kwa daktari mkuu na funguo mkononi, nikamweleza habari yote pamoja na ya pikipiki.

Koti nimevua. Hawajanifukuza, nitamalizia muda wangu nikibeba sanduku la chupa na kuandika majina kwenye chupa zenyewe. Mwenye pikipiki nimemtafuta mpaka kwake, nimemwomba radhi. Anayeendesha ni muuguzi, kumbe miaka yote hii ana leseni. Asubuhi ya kwanza nilikwenda mlango wa dereva kwa mazoea, nikasimama pale mpaka akanigusa bega. Mtaani bado wananiita Sukani, na kila wakiniita kitu kinanichoma. Sitakudanganya kwamba nina furaha. Nimechoka, ila nalala.

Jambo moja sikulitegemea. Kiti cha abiria kinaliweka sikio langu la kulia upande wa dereva. Nasikia kila anachosema. Ameniambia habari za baba yake tangu ujana, kituo kwa kituo, na bado hajafika kwenye ugonjwa. Anakata kona vibaya, nikimwambia ananiamuru nishike chupa zangu. Kimashine chako na ule waya viko kwenye droo ya gari. Hatujaviwasha wiki nzima, hatujapata nafasi.

Mama yako mwambie asinipigie tena. Msomee barua hii yote, usiruke mahali. Mwisho wa mwezi nina siku nne, nakuja kwa basi kumwona na kumwona huyo mwenye meno. Mwambie sina maneno mengi ya kumwambia, yeye ndiye aseme, miaka miwili sijamsikia. Nikifika tu, akae kulia kwangu.

Mjomba wako